Somo: Kayaki kutoka Shela hadi Takwa, ukibebwa na maji

Wageni wa kayaki, kile kidau chembamba cha kupiga kafi, wakifika Lamu huuliza kwanza habari ya mikono: je, nitachoka? Ukichoka, jua umekosea saa. Kutoka Shela, kuvuka mkondo, kuingia hori (mkono wa bahari) la Takwa, penye magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, na kurudi ni safari ya asubuhi moja, na maji ndiyo yanayofanya kazi kubwa. Yakijaa yanakupeleka, yakipwa yanakurudisha. Wewe unashika kafi, unanyoosha omo, yaani mbele ya chombo, na kutazama. Somo hili limeandikwa kwa anayetaka utulivu. Wa mashindano atafute mwalimu mwingine.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji hujaa sana, hupwa sana, na mkondo huwa mkali. Siku hizo, pwani yetu, maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 40 hadi 50 hivi, wakati mwingine zaidi. Hesabu mwenyewe: tarehe 4 hadi 6 za mwezi wa Kiislamu, na tena 19 hadi 21, maji yatajaa asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu. Hizo ndizo siku zetu. Bamvua imeshapungua nguvu, lakini maji bado yanatosha kufika mwisho wa hori. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, mkondo ni mpole na unamvutia mwanafunzi, ila kule ndani unaweza kukuta tope tupu.

Hakikisha saa kwenye jedwali la maji, kisha muulize nahodha yeyote pale gatini. Wakitofautiana, mfuate nahodha.

Kuhusu msimu: tanga mbili, pepo zinapobadilishana zamu, ndiyo bora, yaani Oktoba na Novemba, na tena mwezi wa Machi. Kaskazi nayo inafaa ukitoka mapema, kwa sababu upepo huamka jua likipanda. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, mwanafunzi abaki nchi kavu. Mlangoni mwa Shela mkondo wa maji yanayopwa unatoka kwenda baharini na kusi inaingia, vikikutana mawimbi yanasimama wima.

Hatua ya 2: Vifaa

Jaketi la kuokoa maisha, limefungwa mwilini, si la kukaliwa. Filimbi. Maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu. Kofia yenye kamba. Simu ndani ya mfuko usioingia maji. Viatu vya mpira vya kufunga, maana chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe. Waambie watu wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) unakokwenda na saa utakayorudi.

Hatua ya 3: Kukaa na kupiga kafi

Mgongo wima, nyayo kwenye vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo. Shika kafi kwa upana unaozidi mabega kidogo. Ulizamishe karibu na nyayo, lipitishe ubavuni mwa chombo, lichomoe likifika usawa wa nyonga. Nguvu itoke kiunoni kwa kuzungusha kifua. Anayevuta kwa mikono tu ataumwa na mabega kabla ya kuuona mkoko wa kwanza.

Hatua ya 4: Pinduka makusudi

Fanya hivi ufukweni, maji yakiwa usawa wa kifua, mwenzako akiwa pembeni. Pinduka. Kigeuze chombo, shika ubavu katikati, piga miguu hadi mwili uwe juu ya maji, kisha jivute ulale kifudifudi juu ya kayaki. Geuka, makalio yaingie kitini, miguu ifuate. Rudia mpaka moyo uache kudunda. Asiyeweza hatua hii asiende ya 5.

Hatua ya 5: Kuvuka

Ondoka Shela muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa. Tazama kushoto na kulia: boti za mwendo kasi haziwaoni watu wadogo kama sisi. Usielekeze omo moja kwa moja mahali unapotaka kufika, bali uelekeze upande ambako mkondo unatoka, kisha piga kafi kwa utaratibu. Chombo kitakwenda mshazari na kufika ng'ambo mahali pake. Ukishafika upande wa Manda, ambaa ukingoni.

Hatua ya 6: Ndani ya hori

Sasa punguza kafi. Piga mara moja, acha chombo kiteleze, piga tena kikitaka kulala.

Mbele, penye maji mengi, utaona mililana, na vipumulio vyake vimechomoza wima kwenye tope. Ukiingia ndani zaidi ni mikoko yenyewe, imesimama juu ya mizizi iliyopinda, mbegu zake ndefu zikining'inia. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ndipo ikaanguka na kusafiri na maji. Miti hii ndiyo iliyotoa boriti za Lamu, na upana wa vyumba vya mji wa kale ulifuata urefu wa boriti. Majahazi yalizipeleka hadi Arabuni, mpaka Kenya ilipokataza kuziuza nje mwaka 1982.

Simama kabisa, weka kafi mapajani, usikilize. Mlio wa kutatarika chini ya chombo ni wa kamba wadogo wanaofyatua gando. Ukitulia, mdiria atarudi kwenye tawi lake na yangeyange hatahama. Kwa mashine huyapati haya: ndege anakuwa amekwisha kuruka kabla hujamwona. Wakati mwingine mkizi ataruka mbele ya omo, na tunajua hasira zake ni furaha ya nani.

Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Shela, mbili kwa anayezubaa. Mimi humsifu anayezubaa, mradi maji bado yanajaa.

Hatua ya 7: Takwa, na kurudi

Funga kayaki mtini kwa kamba ndefu. Lipa kiingilio cha Makumbusho ya Taifa, uone msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la nguzo ambako watu wa Shela huenda kuomba dua ya mvua. Mji ulihamwa karne ya 17. Nusu saa baada ya maji kuanza kupwa, uwe umeshakaa kitini. Ukitoka horini, uelekeze omo upande wa mji wa Lamu, maana sasa mkondo unavuta kwenda bahari kuu.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mombasa: Asalaam aleikum mwalimu. Sijui kuogelea, ila jaketi ninalo. Niende?*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Bado. Jaketi litakuelesha lakini halitakuondolea hofu, na mwenye hofu humshika mwenzake wakazama wote. Jifunze kuelea chali na kupiga miguu kwanza. Hori halihami.

*Kutoka Malindi: Mwalimu, sisi wanawake na buibui?*

Dada, buibui huzunguka miguu ukipinduka, liache ufukweni. Suruali nyepesi, kanzu fupi ya mikono mirefu na ushungi wa kuvuta kichwani usiohitaji pini. Jaketi juu ya vyote.

*Kutoka Lamu: Nikipwelewa kule Takwa?*

Usitembee kwenye tope, linameza mguu mpaka pajani. Rudi kivulini, piga simu BMU, usubiri. Maji yaliyojaa saa mbili asubuhi yatajaa tena saa mbili na nusu usiku, na usiku huvuki peke yako. Ndiyo maana nasisitiza ile nusu saa.

*Kutoka Mafia: Hesabu hii ya mwezi inafaa ghuba ya Chole?*

Hesabu ni ile ile kaka, mkondo ndio mbaya zaidi. Maji mengi ya ghuba yanatoka na kuingia kupitia mlango wa Kinasi. Siku za bamvua kaa mbali nao, uambae visiwa vya Chole na Juani.

*Kutoka Pate: Babangu ana mtumbwi. Lazima kayaki?*

Si lazima hata kidogo. Mtumbwi unaingia hori vizuri, na baba anaujua kuliko mimi ninavyoijua kayaki. Tofauti ni kwamba ukijaa maji hauwi mwepesi kugeuza, kwa hiyo chukua kikopo cha kutekea maji, na hatua ya 4 uifanye mkiwa wawili. Jaketi bado ni lazima, hata kwa mzee.