Kukokotoa umbali kati ya Dunia na Mirihi

Umbali wa Dunia na Jua, kilomita milioni 150, uhesabu kuwa 1. Wa Mirihi ni 1.52. Anza siku Dunia inapopita kati ya Jua na Mirihi, mfano 19 Februari 2027. Kutoka hapo pembe iliyopo kwenye Jua, kati ya Dunia na Mirihi, hukua nyuzi 0.46 kwa siku, maana Dunia huipata tena Mirihi baada ya siku 780 hivi.

Siku ya 195 pembe ni 90. Fanya 1 + 1.52² − 2 × 1.52 × kosini ya pembe: 3.31. Kipeuo chake cha pili, 1.82, mara milioni 150: kilomita milioni 273. Jibu likiwa la ajabu, kikokotoo kimewekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya nyuzi.

Ukaribu ndio unaosumbua. Pembe ikiwa 0, hesabu inatoa kilomita milioni 78, ila Agosti 2003 umbali ulikuwa milioni 55.8, na Februari 2027 ni kama 101: njia ya Mirihi si duara, hucheza kati ya 1.38 na 1.67.