Farasi akifa katikati ya mchezo: namna ya kumpata mwingine bila kugombana

Kikundi chetu cha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa, hukutana Jumamosi kwenye baraza moja hapa Shangani, Mtwara. Juzi dogo anayecheza paladini, shujaa mtakatifu mwenye uchawi, aliuliwa farasi mbele ya lango la ngome, tukabishana saa mbili nzima mpaka umeme ukakatika. Yafuatayo ndiyo niliyomwandikia kesho yake.

Hatua ya 1: Mshushe mpandaji

Kwa kitabu cha kanuni cha 2014, mnyama akiangushwa, mpandaji anaweza kutumia mwitikio wake (tendo la haraka la kujibu tukio) kuruka na kutua kwa miguu. Asipoutumia, anaanguka ndani ya futi 5 kutoka kwa mnyama. Endelea.

Hatua ya 2: Uliza alimpataje

Hapa ndipo tulipopotelea. Mezani farasi wote ni sawa, ila kanuni zinawatenganisha.

Wa kununuliwa uhai wake ukifika sifuri kwa kawaida ndiyo basi, labda mwendesha mchezo aamue kumpa nafasi ya kupigania roho kama wahusika wenu. Uamuzi huo ufanywe kabla mchezo haujaanza, si maiti ikiwa imelala pale. Kisha ni sokoni: farasi wa kupanda sarafu 75 za dhahabu, wa vita 400, ngamia 50, punda 8. Tembo ni 200, nusu ya farasi wa vita! Mtu wa Liwale aliyewahi kukesha akifukuza tembo shambani atacheka sana.

Mnyama mwenza wa renja (shujaa wa porini), kwa kitabu cha 2014, hanunuliwi. Renja hutumia saa 8 kujifungamanisha na mnyama mwingine asiye na uadui naye, wa aina ileile au tofauti.

Sasa paladini. Farasi wake ni roho iliyoitwa kwa uchawi, kwa hiyo akifika sifuri habaki kama mzoga, anatoweka kabisa. Hakuna wa kuzika wala wa kutibu. Paladini akirudia uchawi uleule, anarudi farasi yuleyule, uhai wake umejaa. Mpaka hapo wote tulikubaliana. Ugomvi ulikuwa: anarudi lini? Dogo alisema, "Zamu yangu hii hii, kaka, imeandikwa." Mimi nikasema haiwezekani, uchawi huo unachukua dakika 10. Raundi moja ni sekunde 6, kwa hiyo dakika 10 ni raundi 100, na pambano letu refu kuliko yote liliisha raundi ya 9.

Wote tulikuwa sahihi. Mimi nilishika kitabu cha 2014, yeye alikuwa anasoma kanuni za 2024 kwenye simu, ambako uchawi huo huchukua tendo moja tu. Na si muda peke yake uliobadilika. Toleo la 2014 unachagua umbo, mfano farasi wa vita au ngamia, na unatumia takwimu za mnyama huyo. La 2024 lina takwimu zake maalumu za mnyama wa kuitwa, na uhai wake unategemea ngazi ya uchawi uliotumia. Kwa hiyo usichukue muda wa huku na takwimu za kule. Kabla hujafungua mdomo kubishana, tazama mwaka wa kitabu. Kwangu mimi, cha karatasi mezani, simu mfukoni. Kwenye simu kila mtu anafungua ukurasa wake.

Hatua ya 3: Matandiko

Deraya ya mnyama ni mara nne ya bei ya deraya ya mtu, uzito mara mbili. Kwa farasi wa kuitwa, meza yetu inasema vilivyokuwa mgongoni vinabaki chini. Viokoteni.

Hatua ya 4: Weka alama mpya

Sanamu za plastiki sizitaki, ghali bure. Tumia korosho ghafi yenye ganda: inasimama vizuri kwenye ramani, na mafuta ya ganda lake yanaunguza mdomo, hivyo hakuna atakayeitafuna. Farasi wa dogo aliporudi na uhai wake wote 19 tulimwekea korosho ya kukaanga. Zamu yake ilipofika, hayupo, na jirani yake anafuta chumvi vidoleni.