Kukereza mchi wa mpingo

Mpingo hauna haraka. Gogo likikatwa tu, lipake nta ncha zote mbili, uliweke kivulini. Usipofanya hivyo litapasuka. Kabla ya kulifunga kwenye mashine ya kukerezea mimi huligonga kwa kifundo cha kidole. Likilia kama kengele, ni zima. Likitoa sauti ya mtungi wenye ufa, liache, lisije likakurukia usoni.

Noa patasi, kisha noa tena. Vaa barakoa. Anza polepole mpaka gogo liwe duara. Ganda jeupe likiisha, weusi hutokea ghafla. (Juzi nikikereza bakuli la mwembe nilikuta ndani yake msumari na doa lake jeusi. Nani alitundika nini pale? Bakuli nimeliacha na doa.)

Mwisho, bonyeza konzi ya maranda yake yenyewe kwenye mchi ukizunguka: utang'aa bila vanishi.