Paka anapojisaidia nje ya trei ya mchanga

Paka aliyezoea trei yake akianza ghafla kujisaidia sakafuni au kitandani, tafadhali usimpige, kwa sababu hofu humfanya atafute maficho mengine, na huenda chanzo chenyewe ni maumivu ya kibofu. Dume anayejikakamua bila kutoa mkojo apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja, hata kama ni usiku, maana njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa ndani ya siku chache. Akithibitika kuwa mzima, ondoa kinyesi kila siku, weka trei zinazozidi idadi ya paka kwa 1, na usisafishe alipokojoa kwa dawa yenye amonia, ambayo harufu yake hufanana na ya mkojo na huweza kumrudisha palepale.