Jinsi ya kufuatilia ubongo ulioumia kwa ultrasaundi ya kupitia fuvu

Ukifanya kazi ICU huku Nakuru unazijua wikendi zetu, kijana wa boda ameanguka upande wa Salgaa bila helmeti, siti skani ishafanywa, sasa amelala kwa ventileta, mashine ya kumpumulisha, na huwezi kumuuliza kama kichwa kinamuuma. Hapo Dopla ya fuvu, ultrasaundi inayopima spidi ya damu ndani ya kichwa, inakuonyesha presha ya ndani ya kichwa inaelekea wapi, bila kumtoboa.

Chukua proubu ya moyo (proubu ni kile kishikio cha ultrasaundi unachoweka kwa ngozi), ya megahezi 2 hivi, ile ya mishipa ya shingo haipenyi mfupa. Paka jeli mingi, weka kwa panja, juu kidogo ya mfupa wa shavu, mbele ya sikio, hapo fuvu ni jembamba. Washa rangi ya kuonyesha damu ikitembea, inamisha proubu polepole, tena polepole kabisa, hadi upate mshipa wa kati wa ubongo, kina cha sentimita 4.5 hadi 6.5, damu ikija upande wako. Akina mama wazee hasa, mfupa wao wakati mwingine haupitishi kitu, jaribu upande ule mwingine, ukikosa basi.

Wimbi la spidi ya damu likitokea kwa skrini wengi hukimbilia kilele, lakini tafadhali angalia pale chini, spidi ya damu moyo ukiwa umepumzika. Fuvu halipanuki, kwa hivyo ubongo ukivimba damu inaingia tu moyo ukisukuma, ukipumzika inakwama, ndio maana namba ya chini huanguka kwanza. Ikienda chini ya sentimita 20 kwa sekunde mimi naita daktari hapo hapo. Halafu chukua ya juu, toa ya chini, gawa kwa spidi ya wastani: ikipita 1.4 hali si nzuri.

Lakini kabla hujashtuka angalia ventileta na presha ya mwili. Mgonjwa akipumulishwa kwa kasi kaboni dayoksaidi inashuka, mishipa ya ubongo inajibana, na hiyo namba inabadilika, kuna usiku tulihangaika karibu saa nzima kumbe shida ilikuwa seti ya mashine.

Andika saa, upande, kina na presha, na kama inawezekana anayerudia awe ni yule yule, kwa sababu namba moja pekee haina maana kama ile ya asubuhi ukiilinganisha na ya jioni. Na mboni moja ikipanuka weka proubu chini, usipime chochote, ita daktari na mkimbize skani.