Namna ya Kuifuatilia Timu Yako Inapoyumba Championship

Shabiki wa timu ya Championship, ligi ya soka ya Tanzania iliyo chini ya Ligi Kuu na iliyokuwa ikiitwa Daraja la Kwanza, hapati habari za timu yake redioni kila asubuhi kama wapatavyo wa Simba na Yanga, kwa hiyo akitaka kujua hali halisi inambidi aichunguze mwenyewe. Kosa linalofanywa na wengi ni kuanza na kocha. Timu ikifungwa mechi tatu mfululizo watu hudai afukuzwe, ilhali mara nyingi tatizo limeanzia kwenye mfuko wa klabu, na kocha mpya atakuta mfuko ule ule.

Anza kwa kuchunguza safari. Timu ya Tanga yenye mechi Songea hulazimika kuondoka mapema ili wachezaji wapate kupumzika. Ukisikia kwamba basi limeondoka usiku wa kuamkia mechi, au kwamba kikosi kimekwenda pungufu, elewa kwamba nauli na fedha za malazi zimepatikana dakika za mwisho. Binafsi naiamini dalili hii kuliko msimamo wa ligi, kwa sababu timu inaweza kushinda wiki mbili kwa bahati lakini haiwezi kusafiri kwa bahati. Kisha linganisha kikosi cha leo na cha mwanzo wa msimu. Mchezaji anayetoweka bila kutangazwa kuuzwa wala kuumia huenda anadai mishahara, na madai hayo yakifikishwa kwenye shirikisho la soka nchini (TFF) au FIFA bila klabu kulipa, yanaweza kuifungia kusajili. Dirisha la usajili likipita kimya, usiridhike na maelezo kwamba mwalimu ameridhika na kikosi chake.

Ukishaona dalili, tafuta katiba. Klabu ya wanachama husajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT), na katiba yake ndiyo inayoeleza mkutano mkuu unaitishwa na nani na kwa utaratibu gani. Lipa ada na utunze stakabadhi, maana asiye na kadi hana kura hata awe amepiga ngoma jukwaani tangu utotoni. Mkutanoni, omba taarifa ya mapato na matumizi isomwe kabla ya mjadala wa benchi la ufundi, na uulize mambo yanayojibika: mlangoni kulikusanywa kiasi gani, mdhamini ametoa nini, hoteli inadai kiasi gani. Iwapo timu ni ya halmashauri, kama zilivyo KMC ya Kinondoni na Mbeya City, iliyoshuka mwaka 2023 na kurejea Ligi Kuu mwaka 2025, mtu wa kumuuliza ni diwani wako.

Mwekezaji akijitokeza, tulia kwanza. Ihefu ya Mbarali mkoani Mbeya iligeuka Singida Black Stars mwaka 2024, na watu wa Mbarali wakabaki bila timu waliyokuwa wakiishangilia. Kwa hiyo dai kwamba jina, mji na uwanja wa nyumbani viandikwe katika makubaliano kabla ya kura kupigwa. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Mechi za mwisho za msimu zinahitaji macho zaidi. Mwaka 2016, katika Kundi C la Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0 huku Polisi Tabora ikiifunga JKT Oljoro 7-0, na timu zote nne zikaadhibiwa kwa upangaji wa matokeo. Iliyopanda Ligi Kuu ni Mbao ya Mwanza, ambayo mwaka uliofuata ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini na kufungwa na Simba. Ukiona jambo la namna hiyo, usimtuhumu mchezaji hadharani kwa kuwa tu amekosa bao; andika dakika, tukio na majina ya waliokuwepo, kisha upeleke barua kwa chama cha soka cha mkoa wako na nakala Bodi ya Ligi, ukibaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.