Kabla hujanunua madini ya fedha, muulize muuzaji angeyanunua kwako kwa ngapi

Ukitaka kununua sarafu au vipande vya madini ya fedha, weka kando kwanza bei iliyobandikwa. Tafuta bei ya soko la dunia ya siku hiyohiyo, ambayo hutajwa kwa wakia ya troi, yaani gramu 31.1. Wakia ya kawaida ni gramu 28.35 tu, na wapo wauzaji wasioudhika hata kidogo ukizichanganya.

Kisha piga hesabu ya fedha halisi iliyomo. Kipande cha gramu 100 chenye alama 999, yaani sehemu 999 kati ya 1,000 ni fedha, kina karibu wakia 3.2 za troi. Chenye alama 925, zidisha uzito wake kwa 0.925. Sarafu ya Marekani ya senti 25 ya mwaka 1964 ni fedha kwa asilimia 90. Ya mwaka uliofuata kwa matumizi ya kawaida haina fedha kabisa.

Zidisha fedha hiyo kwa bei ya soko upate thamani yake. Kinachozidi thamani hiyo katika bei iliyobandikwa ndiyo nyongeza ya muuzaji. Haiepukiki, maana kutengeneza na kusafirisha kuna gharama, na vipande vidogo huwa na nyongeza kubwa zaidi kwa kila gramu.

Mimi humuuliza muuzaji hivi: "Nikikuletea hiki kesho, utakinunua kwa ngapi?" Pengo kati ya bei zake mbili linasema mengi kuliko maneno yake. Akianza kuzungukazunguka, naondoka.

Na sumaku ibebe, ila usiitegemee peke yake: fedha hainaswi na sumaku, lakini shaba na risasi nazo hazinaswi.